Watu Wakikaa Chini, Usitue

Agneta na Fabiani,

Siku mliyokuja kupokea banda la uwanja wa ndege mliniomba niwaandikie yale ninayoyajua. Nilicheka, kwa kuwa niliwakabidhi funguo huku kufuli lenyewe likiwa limeibwa zamani. Lakini njiani kurudi nyumbani nikaona ombi lenu ni la haki. Mimi nilifundishwa kwa mdomo na mtu ambaye sasa amelala makaburini pale kanisani, na nikinyamaza, aliyonifundisha yatalala naye.

Kuna wanaonishangaa kustaafu nikiwa na miaka arobaini na kitu. Nawajibu kwamba magoti yangu ni makubwa kwa umri kuliko mimi. Hiyo ni nusu ya sababu. Nusu nyingine ni kwamba sikuja kukaa. Nilipomaliza kidato cha nne nilizunguka. Nilipandisha usipa mkavu, dagaa wa ziwani, kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga nikiwa juu ya malori, nikapakia tumbaku upande wa Songea, nikaokota korosho Tunduru. Nilirudi nyumbani, huku juu ya Kingerikiti, kusaidia kuchuma kahawa ya mama msimu mmoja tu. Msimu huo ndio umeisha juzi.

Uwanja wetu mnaujua, lakini hamkuuona wakati ule. Ulichongwa na mapadri kwenye mgongo wa mlima, mfupi, wa nyasi, unaopanda. Ndege hutua ikipanda mlima, ziwa likiwa nyuma yake, na huondoka ikiteremka kuelekea ziwani. Kwa miaka mingi ilikuja ndege moja moja, ya mgonjwa au ya askofu. Kisha ikaja soko huria. Kabla ya hapo kahawa yetu ilikuwa na mnunuzi mmoja tu, chama cha ushirika, kama binti aliyechumbiwa tangu utoto. Ghafla ikapata wachumba kila kona, kila mmoja akitaka kufika kabla ya mwenzake. Barabara ya kutoka Mbinga wakati wa mvua ilikuwa ya kumeza malori. Kampuni moja binafsi ikaamua kuruka juu ya matope, ikaleta ndege yake ndogo, na kwa sababu ya ndege hiyo uwanja ukahitaji mtu wa pili.

Mtu wa kwanza alikuwa Mzee Otmari. Alikuwa fundi mwashi wa misheni, mwembamba, mwenye sauti ndogo. Asubuhi yangu ya kwanza nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba," kisha akatazama miguu yangu.

"Vua viatu."

"Kuna matope, mzee."

"Ndiyo maana nakwambia uvue."

Tukatembea uwanja mzima peku, kwenda upande huu na kurudi upande ule. Nyasi za umande zilikuwa baridi hadi meno yakauma. Alinieleza kwamba jicho hudanganywa na nyasi, hasa zikikatwa vizuri, kwa sababu shimo nalo huota nyasi. Unyayo haudanganywi. Ukizama kidogo tu, simama, bonyeza kwa kisigino, ujue kama ni panya-buku, au maji, au udongo uliochoka. Tangu siku hiyo sijawahi kupokea ndege yoyote uwanjani nikiwa na viatu. Fabiani, zile raba zako nyeupe ni nzuri sana. Ziache bandani.

Mengine alinifundisha polepole. Kushona soksi ya upepo, ile inayomwonyesha rubani upepo unakovuma, kwa shuka la zamani, kwa sababu shuka jipya ni zito na husema uongo upepo ukiwa mdogo. Kupaka chokaa mawe ya pembeni kabla ya Pasaka, si baada. Kutokaribia propela hadi isimame kabisa, hata rubani akikuita kwa jina la mama yako. Na kutandika mashuka mawili meupe katikati ya uwanja kwa umbo la msalaba kama uwanja ni mbovu, maana rubani yeyote duniani akiuona msalaba ule hatui.

Rubani wa ile kampuni alikuwa Kapteni Sadiki, mtu wa Tanga, kijana wa makamo wakati huo, mwenye tumbo dogo na vicheko vingi. Alipenda kunitania.

"Severini, Kiswahili chenu huku kina mawe."

"Mawe ndiyo yameshika mlima, Kapteni. Kwenu laini, ndiyo maana mnaishi kando ya maji."

Alimpenda Mama Gaudensia kuliko sisi wote, kwa sababu alimwekea parachichi kila alipokuja. Mama Gaudensia shamba lake linapakana na uwanja kwa upande wa chini, na ndiye aliyeanzisha ile desturi. Siku ya kwanza ndege ya kahawa ilipotokea juu ya ziwa, alikuwa analima. Akainua jembe juu akalipunga. Wenzake wakainua majembe, wengine wakafungua khanga wakazipeperusha. Sadiki kule juu akainamisha bawa la kulia, kisha la kushoto, mara mbili tatu, kama mtu anayetikisa mabega kwenye ngoma. Mlima mzima ulipiga vigelegele. Tangu hapo ikawa salamu. Hakuna aliyepanga. Ndege ikitokea, majembe juu. Na Sadiki hutikisa mabawa, kisha hutua.

Mniwekee hilo akilini.

Mwaka ule mvua zilikuja kwa hasira. Maji yaliyoteremka pembeni mwa uwanja yaliacha mfereji wake na kuanza kuchimba mdomo wa chini, pale hasa magurudumu yanapogusa kwanza. Kila mvua iliacha korongo pana kuliko la jana. Tulijaza mawe, yakasombwa. Mzee Otmari akasema hii si kazi ya watu wawili, tuwaite majirani. Mama Gaudensia akakubali kuwa mwenyeji wa ngokela, yaani kazi ya kusaidiana ambayo malipo yake ni pombe na maneno. Akapika pombe ya kutosha mtaa mzima.

Ninyi wa siku hizi mnazijua ngolo, lakini msomaji mwingine akipata karatasi hizi huenda hazijui. Kwetu huku hatulimi mlima kwa kuukwangua. Wanaume hukata nyasi, wakazilaza kwa mistari inayokatana kama dirisha la nondo. Wanawake huchimba udongo wa katikati ya kila chumba na kuufunika juu ya nyasi. Yanabaki mashimo yaliyozungukwa na matuta, na maji ya mvua hukaa humo yakitulia badala ya kukimbia na shamba. Babu zetu walishinda mlima kwa njia hiyo. Basi, ukimwambia Mmatengo wa huku kwetu "zuia maji," mikono yake haimuulizi. Inakata nyasi.

Wakatengeneza tuta zuri sana. Lilikatiza mdomo wa uwanja kutoka upande mmoja hadi mwingine, nyasi ndani, udongo juu, kimo cha goti. Lilipendeza hata Mzee Otmari akalisifu. Mpango ulikuwa liyageuze maji ya mvua za siku zile, korongo likauke, tulijaze, kisha tulisawazishe tuta na kulishindilia kabla ya ndege. Ndege ilitarajiwa wiki iliyofuata. Mashuka ya msalaba yalikuwa yameloa usiku wa kuamkia siku ya ngokela, nikawa nimeyaanika nyumbani.

Sasa, huko Mbinga, kampuni ile ilisikia kwamba washindani wake wamekwisha fika kwetu na mizani. Ikamtuma Sadiki siku hiyohiyo na magunia matupu, pasipo kutuma neno kwa redio koli ya misheni. Huo ndio ulikuwa uchumba wa soko huria.

Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Kazi imekwisha, watu wameketi ukingoni, chungu cha pombe kiko kwenye mafiga kinapata joto. Tukasikia mngurumo upande wa ziwa.

Nilikimbilia nyumbani kuchukua mashuka. Sijawahi kukimbia vile na sitakimbia tena. Huku nyuma watu waliinuka wote kumzuia Sadiki. Na wangemzuiaje? Wakainua majembe. Wakafungua khanga. Wakapiga kelele, "Usitue! Usitue!" wakiruka, wakipunga kwa nguvu kuliko walivyowahi kupunga.

Nilikuwa nimegeuka na mashuka mkononi nilipomsikia Mzee Otmari, yeye wa sauti ndogo, akipaza sauti: "Acheni kupunga! Anadhani mnamsalimu!"

"Tumwonyeshe nini sasa," Mama Gaudensia alimjibu, "mgongo?"

Na ndege ikainamisha bawa la kulia. Kisha la kushoto. Sadiki alikuwa anaitikia.

Alishuka vizuri. Nataka mjue hilo. Alikuja taratibu, pua juu kidogo, akilenga kugusa mwanzoni kabisa kama ilivyopasa kwenye uwanja mfupi. Magurudumu yalipiga tuta. Ndege ikarushwa juu, ikapita kimo cha paa la nyumba, na pale ikawa kama imesahau ilikuwa inafanya nini. Haikuwa inaruka wala haikuwa inatua. Kisha pua ikaelekea chini. Ikapiga kwa gurudumu la mbele, likavunjika, propela ikachimba udongo, mkia ukainuka polepole, polepole mno, na ndege nzima ikajilaza chali mbele yetu.

Halafu tukasikia petroli ikidondoka.

Mama Gaudensia ndiye aliyetazama mafiga yake. Moto ulikuwa hatua chache tu kutoka kwenye bawa. Alikishika kile chungu cha moto kwa khanga, yeye na mwenzake mmoja, wakakimwaga chote juu ya kuni. Pombe ya mtaa mzima, ya watu waliolima tangu alfajiri, ambayo hakuna hata mmoja aliyekuwa ameionja. Moto ulizimika kwa harufu ya pombe iliyoungua. Mpaka leo nikiisikia harufu hiyo nashtuka, na papo hapo nashukuru.

Sadiki alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye mkanda. Kijana mmoja alichomoa panga aukate. Mzee Otmari akamshika mkono. "Mshikeni kwanza. Ukikata sasa ataangukia shingo." Niliingia chini yake kwa magoti, nikambeba mabegani, mwenzangu akashika kiuno, ndipo mzee akakata. Agneta, Fabiani, hili liwekeni mahali mtakapolikuta hata mkiwa mmechanganyikiwa: shika kwanza, kata baadaye.

Tulimlaza kwenye magunia ya kahawa aliyokuja nayo. Mguu wake wa kulia ulikuwa umevunjika, unaonekana. Alinitazama usoni, akasema kwa mshangao, kama mtoto, "Lakini walikuwa wananipungia."

Machela tuliitengeneza kwa magunia yayo hayo na miti miwili ya mkaratusi. Wanaume walipokezana hadi hospitali ya misheni, na kila aliyepokea bega alimwambia, "Pole, Kapteni," hadi akachoka kuitikia akaanza kucheka, na kicheko kikamuumiza.

Wiki hiyo ilitufikia habari kwamba wakaguzi wa ajali za ndege wanatoka Dar es Salaam. Sadiki, aliyelala na mguu ndani ya plasta, hakuuliza habari za mguu. Alihofia jambo moja tu. Nilipokwenda kumwona aliniambia, "Wakisema nimetua vibaya, sitarusha ndege tena, Severini. Na mimi sijui kazi nyingine. Hata kulima sijui. Nyie mtanicheka."

Nilirudi nikiwa na uzito moyoni. Jioni wazee walikaa, na mmoja akatoa shauri ambalo wengi walikuwa nalo kifuani. Tulisawazishe tuta. Mvua yenyewe imekwisha lianza. Tukimalizia, wakaguzi watakuta uwanja safi, na uwanja hautafungwa. Alisema kweli, maana ukifungwa, wachumba wote wa kahawa wangehamia kwingine, na mama mwenye uchungu wa kukwama angebebwa begani hadi Mbinga. Watu waliguna kukubali.

Mzee Otmari alikuwa anasafisha kiko. Akasema, bila kuinua kichwa, "Mkilifukia tuta, mtakuwa mmemfukia Kapteni."

Kisha Mama Gaudensia akauliza, "Na mvua ikilimaliza kabla hawajafika?"

Kulipokucha niliwakuta wanawake mdomoni mwa uwanja na mikeka yao. Mikeka ya kulalia, mingine mipya. Walikuwa wanalifunika tuta. Waliilaza kwa uangalifu, wakaizuia kwa mawe ya chokaa, na wakalizungushia miiba ili mbuzi wasipande. Hivyo ndivyo kosa letu lilivyolindwa dhidi ya mvua, kama mwali. Nimefanya kazi na watu wengi, wa kampuni na wa serikali, wenye sare na wasio na sare. Sijaona tena watu wakilitunza kosa lao ili lisimwangukie mwingine.

Wakaguzi walikuwa wawili, wapole, wenye futi ya kupimia. Walifunuliwa mikeka. Mkubwa wao alilitazama tuta, akapima, akauliza, "Nani amechimba hili?"

Wanawake wote wakainua mikono. Wanaume nao wakainua.

"Namtaka mmoja tu."

"Ngolo haichimbwi na mmoja, baba," Mama Gaudensia akamwambia. "Mimi ndiye niliyepika pombe. Anza na mimi."

Yule mkaguzi alijaribu kubaki na uso wa kazi. Hakuweza.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba Sadiki naye, kule kitandani, hakuusingizia uwanja. Aliwaeleza kwamba watu walimwonya na yeye akaelewa salamu. Na kwamba ndege iliporushwa, alipaswa kuongeza moto wa injini na kuondoka, azunguke tena. Yeye aliisukuma pua chini ili itue kwa lazima. "Tuta liliniinua," aliwaambia, "lakini aliyeniangusha ni mkono wangu." Aliniambia mwenyewe kwamba alipomaliza kusema hivyo alijua kazi yake imekwisha, akalala usingizi mzuri.

Haikwisha. Sijui wakaguzi walipimaje makosa hayo mawili, lake na letu. Uwanja ulifungwa msimu mmoja, tukaujaza na kuushindilia. Sadiki alifanyishwa mtihani upya na mwalimu mkali pembeni, mguu ulipopona. Ile kampuni haikudumu. Bei ya kahawa ilianguka na wachumba wakatoweka mmoja mmoja bila kuaga. Alipata kazi kwenye ndege za wagonjwa. Ndiyo maana ninyi mmemkuta mzee anayechechemea kidogo na kudai parachichi.

Kabla uwanja haujafunguliwa, alikuja kwa barabara, na fimbo, kuzungumza nasi. Alikuwa na ombi. Salamu ibaki, maana angeikosa, lakini ya kumzuia iwe nyingine. Tulibishana mchana kutwa. Moshi? Upepo huupeleka. Kukimbia? Kutoka juu, mtu anayekimbia ni kama anayecheza. Mama Gaudensia akachoka kusimama, akaketi kwenye nyasi akanyoosha miguu.

Sadiki akamtazama. "Hivyo," akasema. "Hivyo hivyo. Sijawahi kuja hapa nikakuta mtu ameketi."

Katika kitabu chochote cha urubani hamtalikuta. Lakini hapa kwetu kila mtu analijua, hadi watoto wa chekechea. Uwanja ukiwa mzima, simama upunge. Ukiwa mbovu, kaa chini, wote, popote ulipo, hata kwenye matope. Msalaba wa mashuka utandikeni pia, ni sheria. Lakini nimemwona Sadiki mwaka fulani akija na daktari ndani, ng'ombe wamevunja uzio na wamo uwanjani katikati ya nyasi ndefu, na mlima mzima ukaketi kwa pamoja kama kanisani. Aliongeza moto, akapita juu ya vichwa vyetu, akazunguka ziwani kusubiri. Mzee Otmari, aliyekuwa amekwisha staafu na kuja tu kuota jua, alibaki ameketi hata ng'ombe walipoondolewa. Tukamwambia, "Mzee, simama, wewe ndiye unayemzuia." Akainuka akitukana magoti yake. Alifariki mwaka uliofuata, na nilitembea uwanja peku asubuhi ya maziko yake, ingawa hakukuwa na ndege.

Siku yangu ya mwisho mlikuwepo, kwa hiyo sitaieleza yote. Mnajua kwamba kwa miaka yote hiyo nilipokea ndege na kuziaga na sikuwahi kupanda hata moja. Sadiki alikuwa anarudi Songea na kiti kitupu. "Panda," akasema, "wewe si ulisema unapita tu?" Mama Gaudensia akanifungia parachichi kwenye khanga kama naenda Ulaya.

Tuliteremka uwanja, tukalivuka lile eneo la tuta bila kulihisi, na ardhi ikaachia. Ziwa likafunguka lote. Niliona malori ya makaa ya mawe ya mgodi wa Ngaka kwa mbali, madogo kama siafu, kwenye barabara ambayo siku hizi haimezi mtu. Kisha Sadiki akageuza, arudi juu ya mlima kuaga, na mimi kwa mara ya kwanza nikauona uwanja wetu kama yeye anavyouona. Mwembamba. Mfupi kuliko nilivyodhani. Watu ni vidoa. Nyuso hazionekani, wala midomo, wala neno lolote wanalosema. Nikaelewa, baada ya miaka yote ile, kwa nini aliona salamu.

Nilitafuta ukingoni kwa Mama Gaudensia, nikatafuta bandani kwenu, nikaangalia mdomo wa chini na kichwa cha juu.

Wote mlikuwa mmesimama.

Sadiki akanitazama, akaondoa mkono mmoja kwenye usukani. "Itikia," akaniambia. Nikaushika usukani kama alivyonionyesha, nikainamisha bawa la kulia, kisha la kushoto.